Onyo Lililokosekana Ukutani

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, Baba alichemsha chai na kuimimina katika vikombe viwili. Siku nyingine mkono wake, kwa mazoea, ulitoa vikombe vitatu kabatini. Hapo alikitazama kile cha tatu kwa muda, akakirudisha mahali pake. Kisha alikagua mfuko wake wa kazi, kwani alikuwa fundi bomba, na hakupenda kufika nyumbani kwa watu akakuta spana imesahauliwa. Binti yake aliketi upande wa pili wa meza, amekwisha kuvaa sare ya shule, macho ameyaelekeza ukutani.

"Kunywa chai, mama, itapoa."

"Nakunywa, Baba."

Hakuinywa, nayo ikapoa.

"Na utenzi wa Bibi yako umefikia wapi? Shangazi zako nimekwisha kuwaambia kwamba wakija likizo tutausoma sote."

"Naendelea kuusafisha," akasema binti.

Huo ulikuwa uongo. Hapakuwa na kitu cha kusafisha. Utenzi ulikuwa umepotea, aliyeupoteza ni yeye kwa mkono wake mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwingine aliyejua.

Shuleni aliitwa Chiriku, jina la ndege asiyenyamaza. Alistahili kuitwa hivyo, maana hata mwalimu wa zamu alipata kusema kwamba mtoto huyu akikosa wa kuzungumza naye, huzungumza na dawati. Lakini tangu Bibi yake afariki dunia, Mola amrehemu, Chiriku alikuwa kama redio iliyochomolewa umeme. Hakulia siku ya maziko. Hakulia baadaye. Watu wazima walimsifu kwa subira yake, naye akashangaa, kwani alijua kuwa mtu huambiwa asubiri pale anapoumia, na yeye hapakumwuma popote. Alikula alipopewa, akalala alipoambiwa, akajibu alipoulizwa. Sauti za watu zilimfikia kana kwamba zinatoka nyumba ya jirani.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa mtunzi asiyeandika. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa miaka mingi, kwa hiyo beti zake alizitunza kichwani, akizipanga na kuzipangua kama mtu apangaye nguo sandukuni. Katika ugonjwa wake wa mwisho akaanza kutunga utenzi juu ya vitu vya nyumbani: mlango, taa, ufagio, sindano, kila kitu na funzo lake. Chiriku alikaa pembeni ya kitanda na kompyuta mpakato magotini, akiandika kila alichosikia.

"Andika hivi," Bibi alikuwa akisema, amelala chali, vidole vyake vikihesabu mizani juu ya shuka:

Sindano ni kitu duni,
hulala humo kapuni,
bila yake, ya mwilini
isingelikuwa nguo.

"Bibi, mbona sindano umeisifu kuliko mlango?"

"Mlango una majivuno, mjukuu wangu. Kila mtu huupigia hodi. Umemsikia nani akiipigia hodi sindano?"

Chiriku alicheka hata akakosea herufi.

Kompyuta ile ilikuwa mali ya shule. Klabu ya kompyuta iliwaruhusu wanafunzi wa darasa la saba kuondoka nazo siku ya Ijumaa na kuzirejesha Jumatatu. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo Ghala, ambayo kazi yake ni kuzitunza hatua zote za kazi ya mtu, ili akitaka kuona aliandika nini mwezi uliopita, aone. Ghala ina utaratibu wake. Kwanza unaipeleka kazi yako kizingitini kwa amri ya WEKA. Kisha, ukiridhika nayo, unaiingiza ndani kwa amri ya HIFADHI, na hapo programu hukutaka uandike maelezo mafupi ya ulichofanya. Kilichokwisha kuingia ndani hakipotei.

Chiriku alitumia WEKA kila alipomaliza kuandika. HIFADHI aliitumia siku ya kwanza tu, faili ikiwa na kichwa cha utenzi pekee.

"Nitauhifadhi utakapokwisha," alimwambia Bibi.

Na kila walipodhani umekwisha, Bibi alisema, "Bado ubeti mmoja." Kisha Bibi akafariki, na kuuhifadhi utenzi kukawa ni sawa na kusema kwamba ubeti ule hautakuja. Kwa hiyo Chiriku akauacha kizingitini.

Klabu ilikutana baada ya masomo, katika chumba kilichokuwa zamani stoo ya madawati mabovu. Ukutani palibandikwa karatasi moja kubwa yenye amri zote za Ghala, kila amri mstari mmoja. Aliyeiandika ni mwalimu wa kompyuta, mama mpole aliyefundisha darasa kubwa peke yake. Kwa kuwa hakuweza kumjibu kila mtoto, aliweka sheria kwamba mtu asiulize kabla ya kusoma ukuta. Ilikuwa sheria njema siku ya kwanza. Lakini watoto huweza kulinoa hata jembe likawa upanga. Siku zilivyopita, mwanafunzi alipofungua kinywa tu, chumba kizima kilimrukia kwa sauti moja: "Umesoma ukuta?" Kisha kicheko. Ikawa heri mtu akwame kimya kuliko aulize.

Siku Chiriku alipoifungua tena faili ya utenzi, kwa mara ya kwanza tangu msiba, aliegemeza kiwiko juu ya kibodi pasipo kujua. Ubeti mmoja ukafunikwa na herufi zisizo na maana. Akaifunga faili, mashine ikamwuliza kama iyatunze mabadiliko yale, naye akajibu ndiyo bila kusoma swali. Alipoifungua mara ya pili, zile herufi zilikuwa pale pale.

Karibu naye aliketi kiongozi wa klabu, mvulana aliyeitwa Profesa kwa sababu ya kupenda kuanza kila sentensi kwa "kitaalamu."

"Profesa, nikitaka kuirudisha faili yangu nifanyeje?"

Profesa hakugeuka. "Kitaalamu, umesoma ukuta?"

Wenzake wakacheka. Chiriku akainuka, akausoma ukuta. Mstari wenyewe ulisema hivi: RUDISHA: Hurudisha kazi kwenye hatua ya mwisho iliyohifadhiwa. Akarejea kitini, akaiandika amri, akabonyeza.

Beti zote zikaondoka. Kilichobaki kilikuwa kichwa cha utenzi, na chini yake weupe.

Alisubiri moyo wake uruke. Haukuruka. Alitazama mikono yake, akaiona kama mikono ya mtu mwingine aliyoiazima kwa muda. Kengele ilipolia aliizima mashine, akairudisha kwenye rafu ya dirishani, akaenda nyumbani kwa njia ile ile ya kila siku. Jioni Baba alimwuliza habari za utenzi, naye akajibu, "Naendelea." Kesho yake akajibu hivyo tena. Uongo wa kwanza ulikuwa mzito kidogo mdomoni. Wa pili haukuwa na uzito wowote, na jambo hilo ndilo lililopaswa kumtisha, lakini halikumtisha.

Juma lililofuata mwalimu aliwatangazia wanafunzi kwamba mashine zimejaa.

"Kesho nitatumia amri ya FAGIA katika mashine zote. Takataka zilizokaa nyuma ya Ghala zitaondoka, na mtapata nafasi. Leo malizieni kazi zenu."

Chiriku alisikia, na kwake yalikuwa maneno tu. Aliketi mbele ya ukurasa mtupu, akijifanya anasoma.

Upande wake wa kushoto alikuwa msichana wa darasa la tano ambaye wenzake walimwita Mapengo, kwa kuwa meno yake mawili ya mbele yalichelewa kuota. Mapengo alikuwa akiandika hadithi ya paka wa shule tangu muhula uanze. Siku ile alikosea kitu katika ukurasa wake. Akainua mkono nusu, akaushusha. Akainuka, akaenda kuusoma ukuta, midomo yake ikitamka neno moja moja. Akarudi, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. R. U. D. I.

Chiriku alikitazama kidole kile. Alikiona kinatafuta herufi S, kinaipata, kinahamia H. Kisha A. Kisha kikapanda juu ya kitufe cha mwisho.

"Usibonyeze!"

Sauti ilikuwa kubwa hata yeye mwenyewe aligeuka kuona ni nani aliyesema. Vichwa vyote vikamwelekea.

"Kumbe betri yake ilikuwa bado ina moto," mmoja akanong'ona.

Mwalimu akasogea. "Kwa nini asibonyeze, Chiriku?"

"Hadithi yake itapotea."

"Lakini nimesoma ukuta!" Mapengo akasema, karibu na kulia. "Ukuta umesema nifanye hivi!"

"Kitaalamu, ukuta uko sahihi," Profesa akaongeza.

"Umewahi kuihifadhi hadithi hiyo?" Chiriku akamwuliza Mapengo.

"Sijawahi. Bado haijaisha."

Chiriku akamtazama mwalimu. Mwalimu naye alikuwa akimtazama yeye, wala si Mapengo.

"Wewe umejuaje?" mwalimu akauliza taratibu.

Hapo palikuwa na njia mbili. Angeweza kusema kwamba amesikia mahali, na mambo yakaishia hapo. Chiriku akaona uchovu, uchovu mtupu usio na machozi wala hofu, akaona hana nguvu ya kubeba uongo mwingine.

"Nilibonyeza mimi, juma lililopita. Humo mlikuwa na utenzi wa Bibi yangu. Wote. Haukuandikwa popote pengine, na Bibi mwenyewe hayupo. Nyumbani nimesema naendelea nao."

Hakuna aliyemwuliza kama alisoma ukuta.

"Kabla ya kubonyeza, ulikuwa ukitumia WEKA?" mwalimu akauliza.

"Kila Ijumaa."

"Katika mashine ipi?"

"Hii."

Mwalimu akaangusha chaki. "Inuka taratibu. Asiiguse mtu mwingine yeyote."

Akaketi katika kiti cha Chiriku, na huku akiandika akaeleza. Mtu anapopeleka kazi kizingitini, Ghala huchukua nakala yake na kuiweka nyuma. RUDISHA hukifagia kizingiti, lakini zile nakala za nyuma haizigusi. Hukaa huko bila jina na bila mwenyewe, mpaka siku itakapotumiwa amri ya FAGIA.

Mwalimu akaondoa vidole kwenye kibodi. "Na mimi kesho nilikuwa nimekusudia kuifagia mashine hii."

Vipande vikaanza kutokea kimoja baada ya kingine, kila kimoja na tarakimu ndefu badala ya jina. Mwalimu alivifungua kwa zamu. Cha kwanza kilikuwa na beti chache za mlango. Kingine kilikuwa na mlango na taa. Kingine kirefu zaidi. Kirefu kuliko vyote kilijaza skrini na kuendelea chini, na Chiriku akaona maneno aliyoyaandika mwenyewe, pamoja na kosa moja la herufi alilolifanya siku alipokuwa akicheka. Aliyasoma hadi mwisho.

"Ni huu," akasema. "Zinakosekana beti za Ijumaa ya mwisho. Siku hiyo Bibi alianza kukohoa, nikakimbilia maji. Sikutumia WEKA."

Mwalimu akajaribu njia nyingine, kisha nyingine. Hatimaye akatikisa kichwa. "Hizo hazipo, mwanangu. Hazikupita kizingitini. Sasa tumia HIFADHI."

"Bado haujaisha."

"Hifadhi hivyo hivyo. Ghala haidai kazi iliyokamilika."

Chiriku akaiandika amri. Programu ikamtaka atoe maelezo mafupi. Vidole vyake vikakaa juu ya kibodi, havina la kuandika. Wenzake walisimama nyuma yake, na hapana aliyemharakisha. Mwishowe akaandika: Utenzi wa Bibi, mpaka hapa. Akabonyeza.

Profesa akakohoa. "Mwalimu, hata mimi. Ile ramani yangu ya shule, mwaka jana."

"Si ulisema imeliwa na virusi?"

"Virusi ni mimi."

Watoto wakacheka, na kicheko kile kikafungua milango. Mmoja akasema alipoteza barua aliyokuwa akimwandikia mjomba wake. Mwingine akasema alipoteza jaribio zima la sayansi, akasingizia kuumwa tumbo ili apewe siku za kuliandika upya. Wote walikuwa wamebonyeza amri ile ile, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa mjinga.

Mwalimu alisimama mbele ya ile karatasi yake kwa kitambo.

"Mstari huu nimeuandika mimi, na kila neno lake ni kweli," akasema. "Lakini niliuandika kana kwamba msomaji anajua tayari. Anayejua ana haja gani ya ukuta? Nimesema amri inarudisha nini, nikanyamazia inachokiondoa. Chiriku, wewe utauandika upya."

"Mimi? Si mimi ndiye niliyeharibu?"

"Ndiyo maana. Wewe unajua mtu anakuwa katika hali gani anapousoma."

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, Chiriku alimkuta Baba akisafisha koki kuukuu kwa brashi ya waya. Akamweleza yote, tangu kiwiko hadi nakala zisizo na jina, wala hakujitetea. Baba aliendelea kupiga brashi muda wote wa maelezo, kisha akaiweka chini.

"Kilichopatikana ni kiasi gani?"

"Karibu chote, Baba. Zilizopotea ni beti za Ijumaa ya mwisho."

"Ijumaa hiyo nilikuwa ukumbini," Baba akasema. "Nilisikia sauti yake, maneno sikuyasikia. Nilikuwa natafuta risasi ya kuzibia bomba." Akaigeuza koki mkononi. "Kwa nini hukuniambia siku ile ile?"

"Niliona aibu."

"Ingekuwaje kama FAGIA ya kesho ingetangulia?"

Baba akamsogezea kiti. Wakakaa hivyo, kila mmoja akitazama ile koki.

Rasimu ya kwanza Chiriku aliiandika kwa siku mbili, ikawa ndefu sana. Ilianza kwa kueleza Ghala ni nini, kizingiti ni nini, na kwa nini wanadamu hupenda kutunza kumbukumbu. Mwalimu akamwambia aijaribu kwa mtu asiyejua kabisa kompyuta, na huyo asisaidiwe hata kwa kukonyezwa. Jumamosi mchana Chiriku akaiweka mashine mbele ya Baba, pamoja na faili ya kuchezea aliyoitengeneza makusudi.

Baba alivitazama vidole vyake vinene, akavitazama vile vitufe. "Hapa mtu anabonyeza kimoja au vitatu kwa pamoja?"

"Kimoja kimoja, Baba. Nimekatazwa kukusaidia."

"Haya, usinisaidie. Basi usicheke pia." Akasoma. Akasoma tena. Uso wake ukakunjamana. "Mama, maji yanamwagika sebuleni kwa mtu, nawe unanieleza mvua hunyesha vipi!"

"Ulitaka kuona nini kwanza?"

"Nataka kujua nitapoteza nini. Nikifika kwa mteja, kabla sijafunga koki kuu, namwambia: 'Nyumba nzima itakosa maji, jaza ndoo zako kwanza.' Habari za bomba limetengenezwa wapi namwambia baadaye, akipenda. Na wengi hawapendi."

Chiriku akachukua kalamu, akakata ukurasa wa kwanza wote. Baba akaijaribu rasimu ya pili, akakwama katikati, kwa sababu mwandishi alimwambia ahakikishe kazi imehifadhiwa lakini hakumwambia ataionaje. Rasimu ya tatu ikaongezwa mfano. Safari hii Baba alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akafika penye onyo, akasimama.

"Hapa sibonyezi," akasema. "Nahifadhi kwanza."

Hakujua kwamba kwa kusema hivyo amefaulu mtihani.

Jumatatu maandishi mapya yalibandikwa ukutani, katika karatasi yake peke yake, na mwalimu akayasoma kwa sauti:

"RUDISHA. Amri hii itaondoa kila ulichoandika tangu mara ya mwisho ulipotumia HIFADHI, na huenda usikipate tena. Kabla ya kubonyeza, andika HALI. Programu itakuonyesha kazi ambayo haijahifadhiwa. Ukiona humo kitu unachokitaka, tumia HIFADHI kwanza, hata kama kazi haijaisha. Mfano: umeandika kurasa tano na umehifadhi mbili. Ukitumia RUDISHA, utabaki na mbili. Na ikiwa umekwisha bonyeza, acha mashine kama ilivyo, usitumie FAGIA, umwambie mwalimu leo hii. Kazi iliyopita kizingitini kwa WEKA huweza kupatikana, ikiwa hujachelewa kusema."

Mapengo akaomba neno moja lielezwe zaidi, likaelezwa. Profesa akasema kwamba kitaalamu onyo hilo ni refu, kisha akakiri kwamba kama lingekuwapo mwaka jana, ramani yake ingekuwapo pia. Mwalimu akawatumia maandishi yale watunzaji wa Ghala, wanaoiangalia programu hiyo kwa ajili ya shule zote zinazoitumia. Baada ya siku kadhaa wakajibu kwamba wameyakubali na watayatia katika mwongozo, wakauliza jina la mwandishi liandikwe vipi. Chiriku aliisoma barua yao mara moja, akaikunja. Aliona kitu kidogo kifuani, kama ganzi inavyoanza kuachia mguuni: si raha, ni mchomo tu. Lakini alijua kuwa mguu ni wake.

Siku hiyo mwalimu alimchapia utenzi wote kwenye karatasi, na Chiriku akaupeleka nyumbani. Baba alinawa mikono, akaketi, akazipokea karatasi kwa mikono miwili, akazirudisha kwa binti yake.

"Kabla hujasoma, nisikilize, mama," akasema. "Kosa lako halikuwa kubonyeza. Uliambiwa usome, ukasoma, ukafuata ulichosoma. Aliyepotea kwa kufuata njia aliyoonyeshwa halaumiwi. Lakini ukuta ulikunyamazia hasara, nawe ukaninyamazia mimi hasara, na kimya cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Wenzako nao walinyamaza. Kila aliyeumia alificha jeraha, kwa hiyo mwiba ukabaki njiani ukimngoja anayefuata. Maneno ya Bibi yako yalikuwa amana mikononi mwako. Amana ikipata hitilafu, jambo la kwanza ni kumjulisha mwenyewe mapema, maana mapema kuna dawa. Na jambo la pili ni lile ulilolifanya: kuung'oa mwiba ili asichomwe mwingine. Kwa hilo la pili, Bibi yako angekutungia ubeti."

"Angesema nini, Baba?"

"Mimi ni fundi bomba. Soma."

Chiriku akasoma. Alisoma mlango, akasoma taa, sauti yake ikiwa sawasawa kama ya mtu asomaye tangazo. Alipofika penye ufagio, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika pale pale, na karatasi zikaanza kulowa. Baba hakumwambia anyamaze. Alizichukua zile karatasi kutoka mikononi mwake, akazisogeza mbali kidogo na macho yake, na kwa ulimi mzito wa mtu asiyezoea kusoma kwa sauti, akaendelea kuanzia mstari ule.